Bendera ya Unafuu: Istilahi na Maana Yake katika Usalama wa Meli

Mfasiri anayeshughulika na mikataba ya ubaharia, taarifa za bandari au hati za bima hukutana mara kwa mara na dhana ya meli inayopeperusha bendera ya nchi isiyo ya mwenye meli. Waingereza wameipa dhana hiyo jina linalotaja wepesi, na mfasiri akilifuata neno kwa neno ataandika "bendera ya urahisi". Msomaji hatajua urahisi huo ni wa nani, wala ni wa kufanya nini. Katika makala haya tunakusudia kuieleza dhana yenyewe, kisha kuyapima maneno yanayoweza kuibeba. Kazi hii si ya kupamba lugha. Baharia aliyeumia katika meli ya namna hiyo, na ofisa wa bandari anayetaka kuizuia isiondoke, wote wawili wanahitaji kujua ni serikali gani inayowajibika.

Kwa sheria ya kimataifa, meli ina uraia wa nchi ambayo inastahiki kupeperusha bendera yake. Nchi hiyo tutaiita dola ya bendera. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, katika kifungu cha 91, unataka pawepo uhusiano wa kweli baina ya dola na meli. Kifungu cha 94 kinaitaka dola hiyo isimamie ujenzi na vifaa vya meli, idadi na mafunzo ya mabaharia, na uchunguzi wa ajali kubwa. Sharti la uhusiano wa kweli lilikuwamo pia katika Mkataba wa Bahari Kuu wa 1958, lakini halikufafanuliwa. Mkataba wa 1986 uliokusudiwa kulifafanua haujaanza kutumika hata leo. Katika mwanya huo ndimo zilimostawi rejista huria, yaani zile zinazosajili meli za wageni kwa malipo. Mwenye meli hupata kodi ndogo, na uhuru wa kuajiri mabaharia wa taifa lolote kwa ujira wa chini.

Tuchukue mfano wa meli ya mafuta Torrey Canyon. Umiliki wake ulifungamana na kampuni ya mafuta ya Marekani. Ilikodiwa na kampuni ya Uingereza. Nahodha wake alikuwa Mtaliani. Na bendera yake ilikuwa ya Liberia. Tarehe 18 Machi 1967, ikitoka Kuwait na shehena ya mafuta ghafi ipatayo tani 119,000, ilipanda mwamba baina ya Cornwall na visiwa vya Scilly. Mafuta yalichafua pwani za Uingereza na Ufaransa. Bodi ya uchunguzi ya Liberia ilikutana Genoa, Italia, ikamtwika nahodha lawama. Hatusemi kwamba bendera ndiyo iliyoipandisha meli mwambani. Tunasema kwamba dola iliyokuwa na wajibu wa kuuliza maswali ilikuwa mbali na meli, mbali na mwenyewe, na mbali na waliodhurika.

Jambo hili si geni katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 majahazi ya watu wa Sur, raia wa Sultani wa Muscat, yalipewa bendera ya Ufaransa, na kwa bendera hiyo yaliepuka kupekuliwa na manowari za Waingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa. Shauri lilifikishwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu mwaka 1905 na kuiwekea Ufaransa mipaka ya kutoa bendera hiyo.

Wajibu wa dola ya bendera usipotimizwa, kinga inayobaki ni bandari. Amoco Cadiz, nayo ya bendera ya Liberia, iliharibika usukani na kuvunjika katika pwani ya Bretagne tarehe 16 Machi 1978. Mwaka 1982 nchi kadhaa za Ulaya zilitia sahihi huko Paris makubaliano ya kukagua meli za kigeni ziingiapo bandarini. Makubaliano kama hayo ya Bahari ya Hindi yalifikiwa mwaka 1998, na Kenya na Tanzania zimo. Huo ndio ukaguzi wa dola ya bandari, na usichanganywe na usimamizi wa dola ya bendera.

Sasa tuyapime maneno. "Bendera ya kukodi" haifai, kwa sababu kukodi meli ni jambo jingine kabisa katika biashara ya bahari. Torrey Canyon ilikodiwa, na bendera yake ni habari mbali. "Bendera ya kuazima" inaficha malipo, kwani aazimaye hatozwi. "Bendera bandia" ni kosa kubwa zaidi. Bendera tunayoizungumzia imetolewa kihalali na serikali iliyopo, na baadhi ya rejista huria husimamia meli zao vizuri. Neno "bandia" liachiwe meli inayopeperusha bendera ambayo haikusajiliwa chini yake. Mfasiri akiyachanganya mawili haya, atamwita mhalifu mtu asiyevunja sheria, au atamstahi mhalifu.

Tunapendekeza "bendera ya unafuu". Neno unafuu linataja kile anachokitafuta mwenye meli, nalo linamwachia msomaji swali linalostahili kuulizwa: unafuu huo analipia nani?

Swali hilo limetugusa sisi wenyewe. Zanzibar husajili meli za nje, na Januari 2018 serikali ya Tanzania ilisimamisha usajili huo baada ya meli zenye bendera ya taifa kukamatwa mbali na pwani yetu, zikiwa na dawa za kulevya na vilipuzi. Meli hizo hazikuwa za Watanzania, lakini jina lililotajwa katika taarifa za dunia lilikuwa la Tanzania. Kwa hiyo mtumishi wa serikali anayeandaa hati ya usajili, na mwalimu anayefundisha habari za bahari, wakumbuke kwamba kila lipatikanapo neno "bendera" katika hati hizi, nyuma yake pana neno "wajibu".