Dundu Goliathi na Mti wa Mpodo

Mtu akitoka Lubero na kushika njia ya Butembo mpaka Beni, huacha baridi ya milima na kuingia katika joto la msitu mkubwa. Kule juu humea mpodo, na huku chini hukaa dundu aitwaye Goliathi. Hawaonani kamwe, lakini shoka linalowatishia ni moja.

Goliathi alipewa jina la lile jitu aliloliua Daudi, nalo lamfaa. Dume huweza kufikia urefu wa sentimita 10, naye ana pembe kichwani iliyogawanyika ncha mbili. Huruka kati ya miti akivuma, akitafuta utomvu na matunda yaliyoiva. Na watoto wake je? Hao ni mabuu, hukaa ardhini gizani; na ajabu ni kwamba buu likishiba huwa zito kuliko mzazi wake!

Mpodo ni jamaa wa mbali wa misonobari ya Ulaya. Ubao wake maseremala huupenda sana. Hukua polepole: anayeupanda leo, huenda wajukuu wake ndio watakaopasua mbao. Tena iko mipodo dume na mipodo jike. Dume halizai mbegu. Na jike lisipopata chavua ya dume, iletwayo na upepo, halizai vilevile.

Basi msitu ukifyekwa, dundu hutoweka upesi, maana maisha yake ni mafupi, na buu halina tena mahali pa kukaa. Huko Côte d'Ivoire ndugu zake wamepungua sana: misitu ilikatwa ili kupanda kakao, na wengine walikamatwa, wakakaushwa na kuuzwa ng'ambo. Upande wa Beni nako kakao inaenea siku hizi.

Mpodo haufi hivyo. Katika milima ya Lubero, ambako mashamba, malisho na mikaratusi vimeshika mahali pa msitu wa zamani, pengine mpodo mmoja huachwa peke yake katikati ya viazi. Utasimama hapo miaka mingi, majani mabichi, shina imara. Wapita njia hupumzika kivulini mwake na kusema, “Mti huu ni mzima.” Lakini mwenzake alikwisha kupasuliwa mbao zamani, na chini yake hakuna mche hata mmoja.