Je, Uache Mshahara Urudi Shambani?

Katika kila skimu kuna shamba ambalo mwenyewe hayupo. Mke yupo, watoto wapo, ng'ombe wapo, lakini bwana yuko Nairobi au Nakuru akifanya kazi ya mshahara. Huja mwisho wa mwezi, hutazama ua, huuliza habari za ndama, na Jumapili alasiri hupanda gari kurudi kazini. Njiani huwaza, "Je, niache kazi hii nikalime?"

Swali hili si geni. Mpango mkubwa wa kugawa mashamba ya walowezi ulipoanza mwaka 1962, baadhi ya waliopata viwanja walikuwa watu wa kazi ya mshahara. Mwaka 1964 Mzee Jomo Kenyatta aliwaita wananchi warudi mashambani. Wengi waliitika. Wako waliostawi, wakajenga na kusomesha watoto. Tena wako walioemewa na deni la ardhi, ambalo lilipaswa kulipwa kwa miaka 30. Bidii peke yake haikutosha, kwa kuwa deni halikungoja mvua.

Basi hatusemi rudi, wala hatusemi usirudi. Tunataka upige hesabu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

HESABU YA KWELI

Tuchukue mfano wa mtu mwenye shamba huko Nyandarua. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka zako. Mtu huyu hupata mshahara wa Sh. 30,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba, nauli na chakula cha mjini humla Sh. 15,000. Kwa hiyo fedha zinazofika nyumbani ni Sh. 15,000 kwa mwezi, yaani Sh. 180,000 kwa mwaka. Hizo ndizo atakazopoteza akiacha kazi. Asijidanganye kwamba atapoteza Sh. 360,000, maana nusu yake hubaki mjini.

Nyumbani ana ng'ombe watatu wa gredi. Kila mmoja hutoa lita 10 kwa siku, na hukamwa kama siku 305 baada ya kuzaa, kisha hupumzika miezi miwili kabla ya kuzaa tena. Ndiyo sababu hesabu ya maziwa hufanywa kwa mwaka, wala si kwa mwezi ule mzuri. Kwa mwaka atapata lita 9,150. Ndama na watu wa nyumbani watakunywa lita 2,150. Zitabaki lita 7,000 za kuuza. Kwa bei ya Sh. 45 kila lita, atapata Sh. 315,000.

Sasa toa gharama. Chakula cha dukani, chumvi, dawa na kupandisha: Sh. 145,000. Mshahara wa mchungaji, Sh. 8,000 kila mwezi: Sh. 96,000. Faida iliyobaki ni Sh. 74,000.

Hapa ndipo wengi hukosea. Husema, "Shamba linanipa Sh. 74,000, na nikiwapo litanipa zaidi." Lakini hizo Sh. 74,000 zinapatikana hata sasa yeye akiwa mjini. Swali si shamba linatoa nini. Swali ni hili: mikono yako itaongeza nini?

Akirudi na kufanya kazi ya mchungaji mwenyewe, ataokoa Sh. 96,000. Bado pengo ni Sh. 84,000. Ng'ombe wa nne, kwa hesabu ile ile, ataleta kama Sh. 56,000. Pengo sasa ni Sh. 28,000, na pengine viazi au kabeji zitaliziba, mvua na bei zikikubali. Kwa hiyo jambo linawezekana. Lakini linawezekana kwa mtu ambaye ng'ombe wake wa nne yupo tayari na majani ya kumlisha yapo. Ndama jike aliyezaliwa leo hatakupa maziwa kabla ya kutimiza miaka miwili au zaidi. Basi anayetaka kuacha kazi baada ya miaka miwili, na aanze leo kumlea ndama huyo na kupanda majani.

SHAMBA LINA MKULIMA TAYARI

Jambo la pili ni zito kuliko fedha. Miaka yote hiyo ambayo umekuwa mjini, shamba halikujilima. Mama wa nyumbani ndiye aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Ndiye anayejua ng'ombe yupi hupiga teke, na siku gani chama cha ushirika hulipa. Yeye ndiye mkulima, na wewe unayekuja ndiwe mwanafunzi.

Tumewaona mabwana waliorudi na kuanza mara moja kutoa amri juu ya ng'ombe ambaye hawajui amezaa mara ngapi. Fedha za maziwa, zilizokuwa zikinunua chumvi na madaftari ya watoto, zikaingia mfuko mwingine. Baada ya muda mfupi maziwa yamepungua, na amani ya nyumba imepungua pia. Kwa hiyo kabla ya kuamua, kaeni wawili mezani, daftari katikati. Mwulize mke wako: Ni kazi gani inakushinda? Ningekuwapo ningeshika ipi? Fedha za maziwa zitapokewa na nani, na zitagawanywa namna gani? Kama hamwezi kukubaliana juu ya maswali haya ukiwa bado na mshahara, hamtakubaliana utakapokuwa huna.

JIPIME KWANZA

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Usiichukue wakati wa Krismasi, nyumba ikiwa imejaa wageni na majani yamejaa shambani. Ichukue Januari au Februari, wakati wa kiangazi. Mpe mchungaji ruhusa aende kwao. Kamua mwenyewe asubuhi na jioni, kata majani mwenyewe, beba maji mwenyewe, na uandike kila lita na kila shilingi. Siku ya mwisho utajua kama ulichokuwa ukikitamani ni kulima au ni kupumzika tu.

KABLA YA KUANDIKA BARUA

Ukiona hesabu imekubali, fanya mambo haya kwa utaratibu:

1. Maliza mikopo inayokatwa katika mshahara. Mshahara ukikoma, deni halikomi.

2. Weka akiba ya kutosha karo na chakula kwa mwaka mzima. Ng'ombe mmoja akifa au mvua ikikosa, akiba hiyo ndiyo itakayokuzuia kuuza wa pili.

3. Uliza habari za akiba yako ya NSSF. Aliyetimiza miaka 50 na kustaafu mapema anaweza kuidai. Kijana asiitegemee kununua ng'ombe.

4. Kumbuka mchango wa afya. Tangu Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Ukiacha kazi, utajilipia mwenyewe.

5. Toa notisi kwa maandishi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, au zaidi kama mkataba wake unasema hivyo. Dai cheti chako cha kazi, na uagane na tajiri wako kwa wema. Huenda siku moja ukamhitaji.

Na hesabu ikikataa? Basi usione haya kubaki kazini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mshahara unaonunua ndama na kujenga josho dogo nyumbani ni sehemu ya kilimo pia. Lakini kama utabaki, usiwe mgeni wa mwisho wa mwezi. Asiyekuwapo na lake halipo. Piga simu kila jioni uulize lita ngapi zimekamwa, na uliza kwa heshima, kwa maana unamwuliza mkulima.

Jumamosi hii nunua daftari moja. Upande wa kushoto aandike mama fedha zinazoingia na kutoka shambani. Upande wa kulia andika wewe za mjini. Lijazeni kwa miezi kumi na miwili, msiruke hata mmoja. Mwaka ukiisha, lifungueni pamoja mlisome. Hapo ndipo muamue.