Fahamu: Nyumba za pamoja na matunzo ya akili Kolwezi

Nyumba ya pamoja ni makazi ya kawaida ya mtaani ambamo watu wazima wachache wenye maradhi mazito ya akili, kama skizofrenia, yaani ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, huishi wakipika na kwenda sokoni, huku wahudumu wakifuatilia dawa na kutambua mapema dalili za ugonjwa kurudi.

Kwa Kolwezi, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio makao makuu ya Lualaba tangu jimbo hilo lilipotengwa na Katanga mwaka 2015, kuwa na nyumba kama hizi ni jambo la dharura, kwani kituo mashuhuri cha matunzo ya akili cha Joseph Guislain, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, kiko Lubumbashi, takriban kilomita 300 kutoka Kolwezi, na anayepata nafuu huko hurudi katika mji wa migodi, ambako kazi nyingi hazimfai mtu anayetumia dawa zinazoleta usingizi.

Mfano wa Kiafrika upo: mwaka 1954, huko Aro, Nigeria, daktari Thomas Lambo aliwaweka wagonjwa katika nyumba za wanakijiji, karibu na hospitali.

Sheria ya migodi ya Kongo ya mwaka 2018 inazitaka kampuni za migodi zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, na ni haki kabisa sehemu ya fedha hizo ilipie wahudumu, dawa na kodi ya nyumba hizi.