Unaunda fiksi Ekerenyo? Anza na mlima, rangi ya fremu baadaye

Ile fremu niliinunua kwa macho. Nyeupe, nyembamba, ya alumini, ilikuwa imening'inia kwenye kibanda cha mtumba jijini Nairobi, na muuzaji alipoishusha nikaiinua kwa vidole viwili. Sh4,500, doo ya vibarua vya miezi miwili. Nikaifunga kwenye keria ya matatu hadi nyumbani Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, nikiwa tayari nimejiona nikipita sokoni bila gia, bila waya, mbogi nzima ikigeuka kutazama.

Fundi wa baiskeli aliipindua juu chini, akaangalia nyuma kwa sekunde kumi hivi.

"Kijana wangu, hii si ya gia moja."

"Si nitatoa tu zile gia, fundi?"

"Na cheni utaikaza na nini?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika haya, ili wewe uwe nalo kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Kwanza tuelewane. Fiksi ni baiskeli ya gia moja isiyo na friwili: gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Ilianzia kwenye viwanja vya mashindano, kisha wapeleka barua wa New York wakaifanya ya mtaani. Ile ya gia moja yenye friwili huhitaji hata kuelezwa. Ni Black Mamba ya babu yako.

Sasa tazama fremu yoyote pale ekseli ya nyuma inapokaa. Kuna mkato; tuuite mdomo. Kwenye fremu nyingi za kisasa za gia, mdomo unaangalia chini, kwa hivyo gurudumu linakaa mahali pamoja tu. Huko si tatizo, maana ule mkono wa springi unaobadilisha gia ndio unaomeza cheni inayolegea. Ukiutoa, cheni inaning'inia kama kamba ya nguo. Mdomo ukilala, kama ule wa Mamba, unavuta gurudumu nyuma hadi cheni ikazike, unafunga nati, kwisha.

Kuna wanaoweka kikaza cheni kidogo chenye springi. Kwa friwili kinafanya kazi. Kwa fiksi ni noma, kwa sababu ukizuia pedali kwa miguu ili upunguze mwendo, nguvu yote inahamia upande wa chini wa cheni, pale pale kikaza kilipo. Kitapinda au kitavunjika, na wewe uko mteremkoni.

Na Ekerenyo kuna miteremko. Aliyewahi kutembea kwetu anajua: chai huku, migomba kule, na kati yake barabara inayopanda au inayoshuka. Tambarare ni kiwanja cha shule. Hapa ndipo ushauri wa mitandaoni unapokufa, kwani wengi wanaoutoa wanaishi miji iliyolala kama meza.

Fanya hesabu nami. Ukiweka meno 36 mbele na 18 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili. Gurudumu la kawaida la baiskeli ya barabarani lina mzingo wa mita 2.1 hivi, kwa hivyo unasonga kama mita 4.2. Uzito huo ni mzuri wa kupandia. Lakini ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa, miguu yako itazungushwa karibu mara 160 kwa dakika. Jaribu hata mara 120 ukiwa umeketi nyumbani, baiskeli ikiwa imepinduliwa na unaizungusha kwa mkono, uone. Ukiweka gia kubwa ili ushuke kwa utulivu, utapanda ukisukuma baiskeli kwa mikono.

Hili si tatizo jipya. Waandalizi wa Tour de France walikataza vibadilisha gia hadi 1937, ilhali mlima Tourmalet ulikuwa ndani ya mashindano tangu 1910. Waendeshaji walikuwa na hila: habu ya nyuma yenye meno pande zote mbili, idadi tofauti kila upande. Wakifika chini ya mlima wanasimama, wanachomoa gurudumu, wanaligeuza, wanafunga tena. Juu kileleni, vivyo hivyo.

Habu za aina hiyo bado zinatengenezwa. Upande mmoja unaweka meno yaliyokazwa, upande wa pili friwili. Lakini meno yakitofautiana kwa mawili, ekseli inasogea kama milimita 6, na mdomo usiposogea hata milimita moja hila nzima imekufa. Ndiyo sababu fundi alitazama nyuma kwanza. Mimi nilikuwa nimetazama rangi.

Nilipogundua hivyo nilikwenda kwa babu.

"Shikamoo babu. Naomba fremu ya baiskeli yako."

"Fremu pekee? Mimi nibaki na kengele?"

Alikuwa na haki. Ile Mamba bado inabeba ndizi kwenda sokoni. Hata angenipa, ingekuwa kazi. Mdomo wake umelala vizuri, chuma chake hakina mchezo, ila baiskeli nzima ina kilo 20 hivi, na breki zake ni za fito, zinazobana rimu kwa ndani. Mara nyingi foki za Mamba hazina tundu la kufungia breki ya kawaida ya waya. Uking'oa fito umebaki bila kitu. Kuna wanaoichukua, wanaipiga msasa na kuipaka rangi, na inapendeza kweli. Mimi singeikatia babu baiskeli kwa ajili ya picha.

Fremu niliyoipata mwishowe ilikuwa kwa fundi yule yule, nyuma ya debe la grisi: ya chuma, ya mtumba, baiskeli ya barabarani ya zamani iliyokuwa na gia, mdomo umelala kidogo kuelekea mbele. Kutu juu juu. Kabla ya kunikubalia aliitesa kidogo.

Alianza na sumaku, maana rangi inadanganya na muuzaji pia. Ikinata ni chuma, na chuma kikipinda kidogo fundi mwenye mkono anaweza kukirudisha. Alumini usimruhusu mtu aikunje, inapasuka. Kisha akafunga uzi kwenye mdomo wa kushoto, akauzungusha mbele kwenye bomba la usukani, akaurudisha mdomo wa kulia. Akapima kutoka uzi hadi bomba la siti, kila upande. Vipimo visipolingana, fremu imepigwa. Yangu ilitofautiana milimita moja, akasema tutaishi nayo. Mwisho akapitisha ukucha chini ya bomba la usukani, mahali nyufa hupenda kuanzia, na kukwangua rangi iliyovimba.

Nafasi ya nyuma ilikuwa milimita 126. Habu ya fiksi kwa kawaida ni 120. Kwa chuma hiyo si habari ya kuogofya. Washa moja moja kila upande wa ekseli zilimaliza kazi.

Tundu la breki kwenye foki lilikuwepo. Hilo kwangu halina mjadala. Najua kuna wasee wanaoamini breki inaharibu sura ya fiksi. Waje wateremke nami baada ya mvua, murram ikiwa nyekundu na telezi, na pikipiki ya boda imebeba watu watatu inatokea kwenye kona.

Kitu kimoja sikukifikiria. Kwenye fiksi huwezi kuacha pedali ikae juu unapokata kona, na fremu ya barabarani huwa chini kuliko ya uwanjani. Wiki ya kwanza pedali yangu iligonga ukingo wa barabara na nikaingia kwenye mtaro. Goti lilichubuka, ndizi za mama mmoja zikamwagika, nikalipa. Nimebadilisha kranki za milimita 170 nikaweka za 165, na kona nazikata kwa adabu.

Siku hizi napanda na fiksi, nikifika juu nageuza gurudumu, nashuka na friwili. Spana ya 15 iko mfukoni. Inachukua dakika tatu, na kila mara kuna mtoto anayesimama kuuliza kama imeharibika.

Ile nyeupe inangoja ukutani. Fundi anasema akipata gia zake ataifufua, na safari hii nimemwachia yeye achague.