Kishikizo cha mashine kwa vyombo vya tanga: vipimo, aina na gharama

Kishikizo cha mashine ya kupachika ni fremu ya mbao au ya chuma inayofungwa kwenye tezi ya chombo cha tanga ili mashine ikae kwenye kimo kinachofaa, ishushwe inapotakiwa na ipandishwe upepo unaposhika. Boti ya faiba kwa kawaida haikihitaji, maana tezi yake hutoka kiwandani ikiwa imekatwa kwa kipimo cha mashine. Mashua, dau na ngalawa ziliundwa kwa ajili ya upepo. Tezi ya mashua mara nyingi iko juu mno, na dau na ngalawa zimechongoka mbele na nyuma, hazina ubao wa kufungia. Kwa mwenye chombo wa Vitongoji, mashariki ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, kifaa hiki kidogo huamua kama mashine italipa au itakufa kabla ya kurudisha fedha zake.

Mahitaji yake yanatokana na pwani yenyewe. Mashariki ya Pemba kuna mwamba wa matumbawe, na ndani yake maji ya kina kifupi ambayo wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo chombo kinachotoka upande huu hukutana na upepo usoni. Misimu inapobadilika huja maleleji, na chombo huweza kukaa shwari muda mrefu. Mashine huongezwa kwa ajili ya nyakati hizo: kuvuka mlango wa mwamba, kurudi bahari ikilala, na kuwahi mnada wa samaki dikoni. Tanga haliachwi, kwa sababu halinunuliwi mafuta, na bei ya petroli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, huingia moja kwa moja katika hesabu ya safari.

Kuanza na chombo

Kosa la kawaida sokoni ni kununua mashine kwanza, kwa kutazama nguvu-farasi, kisha kutafuta mahali pa kuifunga. Mpangilio wenye faida huanza na chombo, ukafuata kishikizo, na mashine ikawa ya mwisho.

Mashua haipai juu ya maji kama boti ya mwendo kasi. Hupasua maji, na kasi yake ina ukomo unaotegemea urefu wake kwenye usawa wa maji. Kikokotoo kinachotumika ni kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, mara 2.43, jibu huwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Chombo chenye mita 6 kwenye usawa wa maji hufikia karibu noti 6. Mashine kubwa zaidi huongeza mafuta na uzito, kasi ikabaki karibu palepale. Kwa chombo cha tani moja na nusu, nguvu-farasi 6 hadi 8 hutosha kwa kazi nyingi, na 15 huwa ni akiba ya kukabili kusi na mkondo.

Uzito ndio wa kuangaliwa zaidi. Mashine ya nguvu-farasi 15 ya mtindo wa zamani, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, huwa na karibu kilo 40. Ya mipigo minne yenye nguvu hiyohiyo huweza kuzidi kilo 50. Uzito huo ukining'inia nyuma ya tezi, omo huinuka, tezi huzama, na mwendo wa tanga huharibika. Kishikizo kikisogezwa nyuma zaidi kuliko inavyohitajika, athari huongezeka.

Kimo na urefu wa shafti

Mashine huuzwa kwa urefu wa shafti: fupi ya inchi 15 (milimita 381), ndefu ya inchi 20 (milimita 508), na ndefu zaidi ya inchi 25 (milimita 635). Urefu huo hupimwa kutoka pale mashine inapobana hadi kwenye bapa lililo juu ya propela. Bapa hilo lisipozama, propela huvuta hewa, mashine hulia bila kusukuma, na maji ya kupozea huweza kukatika.

Chombo cha tanga hupanda na kushuka sana kwenye mawimbi, kwa hiyo bapa linapaswa kuwa sentimita 10 hadi 15 chini ya maji. Hii ina maana kwamba ukingo wa juu wa kishikizo, kikiwa kimeshushwa, uwe sentimita 36 hadi 41 juu ya maji kwa shafti ndefu, na 23 hadi 28 kwa fupi. Kipimo huchukuliwa chombo kikiwa majini na mzigo wake wa kawaida, mabaharia wakiwa mahali pao pa kazi. Mashua inayobeba mwani mbichi hukaa chini sana kuliko ileile ikitoka tupu. Kipimo kilichochukuliwa ikiwa pwani kavu hakifai.

Aina tatu

Aina ya kwanza ni kishikizo kisichosogea: gogo au fremu iliyofungwa kwa bolti kwenye tezi, na mashine huinamishwa tu kwa bawaba zake. Ni rahisi na imara, na mafundi wa vyombo huweza kuiunda. Udhaifu wake ni kwamba mashine ikiinamishwa bado hukaa karibu na maji, na mawimbi ya nyuma huipiga.

Aina ya pili ni ya kupandisha na kushusha, yenye mikono miwili sambamba, springi na meno ya kufungia. Mashine huinuliwa yote kwa sentimita 25 hadi 40, kisha huinamishwa. Propela haikwamishi mwendo wa tanga, na chombo kikipwewa na maji mashine haikai juu ya mawe. Kwa pwani inayokauka maji yakipwa, hii ndiyo yenye thamani kubwa, ingawa sehemu zake zinazosogea huhitaji matunzo.

Aina ya tatu ni ya ubavuni, kwa dau na ngalawa. Boriti hulazwa juu ya kingo mbili za chombo na kufungwa imara, na kibao cha mashine hukaa kwenye ncha yake, karibu na tezi. Hakuna tundu linalotobolewa kwenye mwili wa chombo, na yote hufunguliwa siku ya kusafiri kwa tanga pekee. Chombo kikilalia upande wa pili propela hutoka majini, na kwenye ngalawa lazima nafasi ipimwe ili mashine isigombane na mirengu.

Kwa aina zote, usukani una haki ya kwanza. Kwenye mashua usukani hukaa katikati, hivyo kishikizo huwekwa kando, kwa umbali ambao propela haitaugusa hata usukani ukigeuzwa mwisho. Kamba ya demani nayo isipate pa kunasa.

Nguvu zinazovuta bolti

Mashine ya nguvu-farasi 15 huweza kusukuma kwa zaidi ya kilo 100. Msukumo huo uko kwenye propela, karibu sentimita 60 chini ya kishikizo. Sehemu ya chini ya fremu hukandamizwa kwenye tezi na ya juu huvutwa itoke. Bolti za juu na za chini zikiachana kwa sentimita 20, za juu hubeba mvuto wa takriban kilo 300, mbali na uzito wa mashine. Wimbi likiitikisa, mzigo huongezeka.

Kwa sababu hiyo bolti hupita ubao wote wa tezi na kushikwa ndani na kipande kipana cha mbao ngumu, si washa peke yake. Tezi nyembamba hutiwa ubao wa pili unaofika kwenye mataruma. Misumari na skrubu hazifai. Kila tundu huzibwa vizuri, kwani maji yakiingia mbao huoza kimyakimya.

Malighafi na soko

Mvule na msaji hustahimili maji ya bahari. Plaiwudi ya kawaida huachana. Hata ile ya baharini hutakiwa kufunikwa kingo zake. Chuma cha kawaida kilichochomelewa na kupakwa rangi ni rahisi kwa bei, lakini kutu huanzia kwenye viungo. Kikitiwa zinki baada ya kuchomelewa hudumu zaidi. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 huishinda bahari vizuri kuliko 304. Alumini ni nyepesi, lakini ikigusana na chuma hicho kwenye maji ya chumvi huliwa, hivyo kati yao huwekwa plastiki au mpira.

Mnunuzi ana njia tatu: fundi wa vyombo, fundi wa kuchomelea, au kifaa cha kiwandani kinachoagizwa kutoka ng'ambo. Cha kiwandani huandikwa kilo na nguvu-farasi zake za mwisho, na vyote viwili lazima vitoshe. Usafiri na ushuru huongeza bei yake, na springi ikikatika chombo hungoja kipuri. Kazi ya fundi wa karibu hutengenezeka siku hiyohiyo.

Gharama ya kusimama ndiyo inayosahaulika. Katika mgawo wa uvuvi, baada ya kutoa matumizi, chombo, zana na mara nyingi mashine huwa na fungu lake kando ya mafungu ya mabaharia. Siku ambayo kishikizo kimelegea na mashine haifungwi, fungu hilo halipatikani, na mashine ikidondoka baharini hasara huwa ya mtaji mzima. Mashine nyingi hupelekwa nyumbani kila jioni kwa hofu ya wizi, kwa hiyo vibanio vyake hufunguliwa na kukazwa kila siku. Kamba ya usalama kutoka mashine hadi chomboni ni ya lazima.

Matunzo ni machache: kuosha kwa maji matamu, kupaka grisi kwenye bawaba, kukaza bolti kila mwezi, na kuchunguza nyufa kwenye viungo kabla kusi haijaanza. Kibao cha mbao hubadilishwa kinapobonyea chini ya vibanio, bila kungoja kipasuke.