Dungu la Shamba na Usalama wa Mlinzi Wake

Basi litokalo stendi ya Bweri, mjini Musoma, kuelekea Mwanza hupita Makutano, wilayani Butiama, kisha huingia Bunda. Mashariki ya mji wa Bunda mashamba ya mahindi, mtama na mihogo yanakaribiana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Grumeti. Huko mkulima hana hakika ya mavuno yake mpaka yafike ghalani, kwani tembo hawajui mipaka. Kundi dogo likiingia shambani usiku mmoja laweza kumaliza chakula cha mwaka mzima cha kaya. Kwa hiyo mazao yakikaribia kukomaa, watu hukesha.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mkeshaji hujijengea dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo au kufungwa katika matawi ya mti. Akiwa juu huona mbali, naye huwa ameepukana na nyoka na fisi. Lakini kimo hicho hicho kinachomkinga kina hatari yake, nayo huwa haifikiriwi mpaka mtu aanguke.

Hesabu ya anguko

Tuchukue dungu la mita 4 na mlinzi mwenye uzito wa kilo 60. Akianguka, kani ya uvutano humfikisha chini kwa muda wa sekunde 0.9 tu, akiwa na kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, sawa na kilomita 32 kwa saa. Muda huo haumtoshi mtu aliyesinzia hata kunyoosha mkono.

Hata hivyo, kinachovunja mifupa ni kusimamishwa ghafla. Mlinzi huyo hufika chini akiwa na nishati ya juli 2,350 hivi. Ikiwa ardhi kavu itamsimamisha katika umbali wa sentimita 5, basi kani ya wastani itakayompiga ni karibu mara 80 ya uzito wake. Kadiri umbali wa kusimama unavyoongezeka, ndivyo kani inavyopungua. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa vifaa vyote vya kuzuia maanguko.

Somo kutoka kwa wawindaji

Nchini Marekani wawindaji wa kulungu huketi juu ya majukwaa madogo yaliyofungwa mitini, mara nyingi mita 5 au 6 kutoka ardhini. Kuanguka kutoka majukwaa hayo ni miongoni mwa sababu kubwa za majeraha yao. Imeonekana kwamba wengi huanguka wanapopanda, wanapoteremka, au wanapovuka kutoka ngazi kwenda jukwaani. Kwa sababu hiyo hufundishwa kujifunga kabla mguu haujaondoka ardhini, na kutofungua mpaka wamerudi chini.

Kifaa chao ni mkanda wa mwili mzima, unaopita mapajani na mabegani na kuunganishwa na mti kwa kamba fupi iliyofungwa juu ya kichwa. Kamba ikiruhusu mtu kuanguka nusu mita, kisha kumsimamisha polepole katika sentimita 20, kani ya wastani itakuwa mara tatu na nusu tu ya uzito wake. Kamba ya kiunoni peke yake haifai, maana hubana tumbo na kuzuia pumzi. Hata aliyefungwa vizuri hapaswi kuachwa akining'inia kwa muda mrefu bila kujongea, kwani damu hukwama miguuni na mtu aweza kuzimia, hata kufa. Inafaa awe na kitanzi cha kukanyagia, na mwenzake awe karibu.

Kanuni za dungu salama

Si kila mkulima aweza kununua mkanda. Hata hivyo hatari yaweza kupunguzwa sana. Dungu lisiwe refu kuliko inavyohitajika, nalo lizungushiwe ukingo imara unaofika kifuani mwa mtu aliyeketi. Apandaye ashike ngazi kwa viungo vitatu wakati wote: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Tochi, panga na chakula vivutwe juu kwa kamba baada ya mtu kuketi. Kila msimu nguzo zichomwe kwa ncha ya panga karibu na ardhi, mahali mchwa wanapoanzia. Ncha ikizama kwa urahisi, nguzo hiyo ibadilishwe. Kamba ya katani iliyolowa na kukauka mara nyingi isitegemewe kubeba mtu.

Dungu lisijengwe katika njia ya tembo. Dume mkubwa aweza kuwa na uzito wa tani 5 au zaidi, naye huangusha miti iliyo imara kuliko nguzo za dungu.

Radi nayo isisahauliwe, kwani eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na dungu katikati ya shamba tupu ni kimo kinachojitokeza. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kwenda kilomita moja. Anayeona umeme aweza kuhesabu na kujua umbali wake. Lakini ngurumo ikisikika tu, wakati wa kuteremka na kwenda nyumbani umekwisha kufika. Kujikinga chini ya mti ni kuongeza hatari.

Adui wa mwisho ni usingizi. Mwili wa binadamu hulegea zaidi kati ya saa nane usiku na alfajiri, hata kama mtu amejizoeza kukesha. Kwa hiyo walinzi wawe wawili na wapokezane zamu. Mwanafunzi asiachwe peke yake dunguni, naye anayekesha usiku kucha hawezi kufuata somo asubuhi.

Mwalimu wa fizikia aweza kuanza somo hili kwa kuangusha jiwe moja juu ya mchanga laini na juu ya udongo mgumu, kisha kuwauliza wanafunzi kwa nini alama zake hazifanani. Mwanafunzi atakayeelewa jibu atakuwa na jambo la kumweleza mzazi wake kabla dungu la msimu ujao halijajengwa.