Pua ya Mtoto, ya Kijana na ya Mzee: Kwa Nini Pigo Moja Huleta Madhara Tofauti

Na Mwandishi Wetu

Mtoto aliyeanguka kifudifudi akicheza, kijana aliyerushwa kutoka kwenye bodaboda na bibi aliyeteleza bafuni wanaweza kufikishwa kituo cha afya siku moja, wote wakivuja damu puani. Kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, hao ni wagonjwa watatu tofauti, kwa sababu kinachoishikilia pua hubadilika kadiri umri unavyosonga na, baada ya balehe, hutofautiana pia baina ya wanaume na wanawake.

Mwananchi anaweza kulithibitisha hilo kwa kidole. Sehemu ya juu ya pua, baina ya macho, ni ngumu: hapo ipo mifupa miwili midogo. Kutoka hapo hadi nchani pua huyumba ikiguswa, maana imeundwa kwa gegedu kama sikio. Ndani umo ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili, mbele gegedu na nyuma mfupa. Ukuta huo ndio nguzo ya paa. Ukiporomoka, mgongo wa pua hubonyea mithili ya tandiko la farasi.

Kwa mtoto mchanga sehemu kubwa ya nguzo hiyo bado ni gegedu, nayo hugeuka mfupa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Pua yake, ambayo pia haijachomoza sana, hunepa badala ya kuvunjika, na wazazi wengi hutulia wakiona haijapinda. Utulivu huo ndio wenye hatari. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando unaoifunika. Pigo likipasua mishipa midogo, damu huweza kukusanyika kati ya utando na gegedu na kuikatia lishe. Ndani ya siku chache gegedu huanza kufa, na maambukizi yakiingia huharibika upesi zaidi. Kwa kuwa gegedu hiyo ndiyo kitovu cha ukuaji, mtoto anaweza kukua na pua iliyobonyea na uso usiokua ipasavyo katika sehemu ya kati.

Picha ya eksirei haitegemewi kuonesha damu hiyo. Huonekana kwa kumulika ndani ya pua. Matundu yote mawili yakiziba baada ya pigo, maumivu yakizidi, homa ikipanda au uvimbe laini mwekundu ukionekana kwenye ukuta wa kati, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumkanda kwa maji ya moto nyumbani si tiba. Akiwahishwa, kazi ya daktari si kubwa: damu hutolewa na pua hufungwa kwa ndani ili isijae tena.

Kabla ya balehe, pua za wavulana na wasichana hazitofautiani sana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, uliotangazwa mwaka 2013 na kuwahusu watu wenye asili ya Ulaya, ulionesha kuwa tofauti huanza karibu na umri wa miaka 11, na kwamba pua ya mwanamume huwa kubwa kwa takriban asilimia 10. Maelezo ya watafiti ni kwamba misuli mingi huhitaji oksijeni nyingi. Wanaume ndio huvunjika pua zaidi, ingawa sababu kubwa ni ugomvi, michezo na ajali za barabarani. Kofia ngumu inayofunika uso mzima hukinga pua. Ile ya kichwani tu haiikingi. Mfupa uliohama hurudishwa kwa urahisi ndani ya takriban wiki mbili, na kwa mtoto mapema zaidi, kwani mifupa yake huunga haraka.

Uzeeni, pua huonekana kurefuka hasa kwa sababu ncha yake hushuka. Kano zinazoshikilia gegedu hulegea, ngozi hupoteza mvutano na taya la juu, ambalo pua imeegemea, hupungua. Kwa wanawake, upotevu wa mifupa mwilini huongezeka kasi baada ya ukomo wa hedhi. Kuta za pembeni zilizolegea huweza kufyonzwa ndani mzee anapovuta pumzi, naye akadhani ni mafua yasiyoisha. Avute shavu taratibu kuelekea sikioni: hewa ikipita vizuri zaidi, huenda tatizo ni ukuta, na amweleze hivyo daktari. Matone ya kuzibua pua yakitumiwa mfululizo kwa muda mrefu huifanya izibe zaidi.